Nani Abebe Umbali: Mwongozo kwa Viongozi wa Elimu ya Juu Bukoba na Muleba

Mageuzi ya kidijitali katika elimu ya juu ni badiliko la namna chuo kinavyofundisha, kinavyopima, kinavyotunza kumbukumbu na kinavyomhudumia mwanafunzi, badiliko linalotegemea kompyuta, simu na mtandao lakini lisiloanzia huko, kwa kuwa chuo kinaweza kununua kompyuta mia moja na bado kikabaki kikifanya kazi kama kilivyofanya zama za faili na mhuri. Uongozi jasiri nao, katika mwongozo huu, hauna maana ya maneno makali wala ya kuanzisha miradi mingi kwa mpigo; ni uwezo wa mwenye dhamana kuamua jambo gumu mapema, kulitia saini, kulitafutia fedha na kulisimamia hata pale wenzake wanapopenda mambo yaendelee kama yalivyozoeleka. Walengwa ni wakuu wa kampasi na vituo vya vyuo vikuu vilivyoko au vinavyokuja Bukoba, wajumbe wa mabaraza yao, wakurugenzi na maofisa elimu wa halmashauri za Bukoba na Muleba, pamoja na wahadhiri watakaokabidhiwa nafasi hizo kesho. Hoja ni moja: kati ya chuo na mwanafunzi daima kuna umbali, na kila uamuzi wa kidijitali ama unakitwisha chuo mzigo wa umbali huo ama unamwachia mwanafunzi aubebe. Kiongozi jasiri ni yule anayekubali chuo chake kiubebe.

Umbali una sura nyingi

Umbali unaozungumzwa hapa si kilomita peke yake. Kutoka Bukoba hadi Dar es Salaam kwa barabara ni mwendo unaozidi kilomita 1,300, na ndiyo maana kwa miongo mingi kijana wa Buhaya aliyetaka shahada aliaga nyumbani kwa miaka, ama akavuka mpaka kwenda Makerere, chuo kilicho karibu zaidi na mji wake kuliko Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Mwalimu wa shule ya msingi katika kisiwa cha Bumbire, wilayani Muleba, anayetaka kujiendeleza ana umbali wa namna nyingine: ziwa lenye mawimbi, boti inayoondoka ikijaa, na simu inayoweza kushika mtandao kilimani na kuupoteza mwaloni. Muuguzi wa Rubya au wa Ndolage, ambaye zamu zake za usiku hubadilika kila mara, ana umbali wa saa. Mama mwenye watoto wadogo Kamachumu ana umbali wa majukumu. Mhitimu wa kidato cha sita ambaye hajawahi kugusa kompyuta ana umbali wa ujuzi. Na mkulima wa kahawa anayemsomesha mwanawe ana umbali wa fedha, ule ulioko kati ya msimu mmoja wa mavuno na mwingine.

Tanzania ilikwisha kutoa jibu moja la kijasiri kwa swali hili kabla intaneti haijafika mikononi mwa watu. Chuo Kikuu Huria cha Tanzania kilianzishwa kwa Sheria Na. 17 ya mwaka 1992 na kuwapokea wanafunzi wake wa kwanza mwaka 1994, kikiwa chuo cha elimu masafa, yaani elimu ambayo mwanafunzi huipata akiwa kwake, akikutana na walimu wake kwa vipindi vichache vilivyopangwa. Makamu Mkuu wa kwanza wa chuo hicho alikuwa Profesa Geoffrey Mmari, ambaye kuanzia 1988 hadi 1991 alikuwa amekiongoza Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Mtu aliyekwisha kukaa katika kiti cha chuo kikuu kikongwe kuliko vyote nchini, chenye kumbi na mabweni yake kilimani, alikubali kuanza upya na chuo kilichomfuata mwanafunzi alipo badala ya kumjengea bweni, kikitegemea maandiko ya kujisomea na vituo vya mikoa, kikiwamo cha Kagera kilichoko Bukoba. Msomaji azingatie mfuatano wa mambo: uamuzi ulitangulia, vyombo vikafuata. Mifumo ya kujifunzia mtandaoni ambayo chuo hicho huitumia leo ilikuja juu ya msingi uliokwisha kuwekwa, na ndiyo sababu ilipata mahali pa kusimama.

Sasa Bukoba inaingia hatua nyingine. Mradi wa Elimu ya Juu kwa Mageuzi ya Kiuchumi, unaojulikana kwa kifupi HEET, ulioidhinishiwa na Benki ya Dunia mwaka 2021 mkopo wa dola za Marekani milioni 425, umekiwezesha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kujenga kampasi mkoani Kagera, katika kata ya Karabagaine, Wilaya ya Bukoba. Ni habari njema kwa mkoa ambao wenyeji wake hutaniwa nchi nzima kwa neno la Kihaya nshomile, lenye maana ya nimesoma, na ambao wazazi wake wameuza kahawa na ndizi kwa vizazi ili watoto wasome. Hata hivyo, kampasi iliyo Karabagaine iko karibu na mtu wa Kemondo na bado iko mbali na mtu wa Goziba. Majengo hupunguza umbali wa baadhi ya watu na kuuacha wa wengine kama ulivyokuwa, na hapo ndipo kazi ya kiongozi inapoanza.

Daftari la umbali

Kabla ya kuagiza kifaa chochote, kiongozi atengeneze kile kinachoweza kuitwa daftari la umbali, yaani hesabu ya kila kitu ambacho mwanafunzi hulipa, kwa fedha na kwa muda, nje ya ada, ili akamilishe somo moja. Njia yake ni rahisi. Wachaguliwe wanafunzi kumi wa maeneo na hali tofauti, tuseme wawili wa visiwani, wengine wa Nshamba, Izigo, Kamachumu, Katerero na Bukoba mjini, wakiwemo walioajiriwa na wasioajiriwa, wanawake na wanaume, na angalau mmoja mwenye ulemavu. Kisha kila mmoja afuatwe katika kazi moja tu ya masomo, tangu siku anapopewa swali hadi siku anapopata alama zake. Aandike nauli ya boti, ya bodaboda na ya basi, bando alilonunua, fedha za kuchapisha na kutoa nakala kwenye duka la steshenari, usiku aliolala mjini kwa kuwa boti ya kurudi iliondoka mapema, na siku alizosubiri jibu la barua pepe.

Daftari la namna hii hufichua mambo ambayo takwimu za chuo haziwezi kuyaonyesha. Mfumo unaomtaka mwanafunzi apakie picha ya stakabadhi ya ada, ambayo ofisi ya uhasibu tayari inayo kwa sababu malipo yalifanyika kwa namba ya kumbukumbu ya serikali, huonekana kuwa jambo dogo kwa aliyeuweka. Kwa mtu wa kisiwani jambo hilo dogo linaweza kuwa safari. Fomu inayohitaji saini ya mkononi na mhuri, halafu ikapigwa picha na kutumwa mtandaoni, haijawa ya kidijitali, imeongezewa hatua. Daftari lisomwe mbele ya baraza la chuo kila muhula, na jumla yake ilinganishwe na ya muhula uliotangulia. Chuo kinachosema kimejigeuza kidijitali huku jumla hiyo ikipanda kimehamisha gharama zake mabegani mwa wanafunzi, na kiongozi awe na ujasiri wa kulisema hilo waziwazi.

Uzito wa somo

Uamuzi wenye nguvu kuliko wote, na ambao hauhitaji fedha za mradi, unahusu uzito wa somo, yaani ukubwa wa data ambazo mwanafunzi analazimika kuzipakua ili asome. Data hupimwa kwa megabaiti, na bando la mwanafunzi huisha kwa megabaiti, si kwa kurasa wala kwa hekima iliyomo. Mhadhara wa saa moja uliorekodiwa kwa video ya kiwango cha chini, kwa kasi ya kilobiti 500 kwa sekunde, unafika takriban megabaiti 225, na video safi zaidi huzidi hapo mara kadhaa. Mhadhara huohuo ukirekodiwa kwa sauti peke yake, kwa kilobiti 32 kwa sekunde, ambazo zinatosha kabisa kwa sauti ya mtu anayezungumza, unakuwa megabaiti 14 hivi. Maandishi ya mhadhara, pamoja na michoro michache iliyobanwa vizuri, hayafiki megabaiti 2. Kwa hiyo, kwa bando lilelile linalomtosha mwanafunzi kutazama mhadhara mmoja, mwingine husikiliza mihadhara 15, na wa tatu husoma kozi nzima.

Hesabu hii haimaanishi kwamba video haifai. Mwanafunzi wa uuguzi anayejifunza kufunga jeraha anahitaji kuona mikono inavyokwenda, na hakuna maandishi yatakayomwonyesha hilo. Lakini anahitaji dakika nne za video ya mikono, si saa nzima ya uso wa mhadhiri. Kiongozi aweke kanuni, ipitishwe na seneti ambayo ni chombo cha juu cha taaluma chuoni, kwamba kila somo lipatikane kwa maandishi na kwa sauti kabla halijapatikana kwa video, kwamba kila faili lionyeshe uzito wake pembeni kabla mwanafunzi hajalibonyeza, na kwamba hakuna kipindi cha moja kwa moja mtandaoni ambacho kukikosa ni kukosa alama. Kanuni hii itapingwa, hasa na wanaoamini kwamba video ndefu ndiyo ishara ya usasa, na pengine na wafadhili wanaopenda kuonyeshwa studio. Hapo ndipo neno ujasiri linapopata maana yake ya kila siku: kuwaeleza watu wenye nia njema kwamba studio itangoja.

Inafaa kujua kwamba Moodle, mfumo huria wa kusimamia masomo mtandaoni unaotumiwa na vyuo vingi vya Afrika Mashariki, ulibuniwa na Martin Dougiamas, Mwaustralia ambaye utotoni aliishi jangwani, Australia Magharibi, akisoma kwa redio kutoka shule iliyokuwa mbali mno. Toleo lake la kwanza kamili lilitoka mwaka 2002. Mfumo huria ni ule ambao msimbo wake uko wazi kwa kila mtu kuutumia na kuurekebisha bila kununua leseni. Programu yake ya simu humruhusu mwanafunzi kupakua masomo akiwa mahali penye mtandao na kuyasoma baadaye bila mtandao, kisha majibu yake yakapanda yenyewe mtandao unaporudi. Uwezo huo upo, ila hufanya kazi vizuri pale tu mhadhiri anapokuwa ameipanga kozi yake kwa kuufikiria. Kozi iliyojaa viungo vya kwenda tovuti nyingine humwacha mwanafunzi wa kisiwani na orodha ya milango iliyofungwa.

Seva katika chumba cha shule

Seva ni kompyuta inayohifadhi mafaili na kuyagawa kwa vifaa vingine. Si lazima iwe mashine kubwa katika chumba chenye kiyoyozi jijini. Kuna kompyuta ndogo zinazokaa kiganjani, zinazotumia umeme wa wati zisizozidi 15, ambazo zikiwekewa kadi yenye masomo ya mwaka mzima na kuunganishwa na kifaa cha kurusha mawimbi huwawezesha watu walio chumbani, kila mmoja na simu yake, kupakua masomo bila kutumia hata senti ya bando, kwa kuwa data hazipiti kwenye intaneti. Zipo pia programu huria zilizotengenezwa kwa ajili ya mazingira ya namna hiyo, Kolibri ikiwa mojawapo.

Mpango unaofaa kwa Muleba ni huu. Chuo kiingie makubaliano ya maandishi na halmashauri ya wilaya ili shule za sekondari zilizochaguliwa, mojawapo ikiwa visiwani, zitoe chumba kimoja kuanzia saa kumi jioni na siku za Jumamosi. Chuo kilete seva ndogo, paneli ya sola, betri, meza imara na kufuli. Masomo mapya yapelekwe kila mwezi kwa flashi iliyofungwa ndani ya bahasha yenye orodha ya yaliyomo, na bahasha hiyohiyo irudi na kazi za wanafunzi zilizokusanywa kwenye seva. Wapo watakaosema kwamba kubeba flashi kwenye boti si teknolojia ya karne hii. Mwanafunzi aliyepata somo lake lote Jumatatu hana haja ya kujua lilipita angani au majini.

Umeme ushughulikiwe kwa uzito unaostahili. Kwa miaka mingi Kagera ilipata umeme wake kutoka Uganda, na wakazi wake wanajua maana ya taa kuzimika katikati ya kazi. Zaidi ya hilo, ukanda wa Bukoba ni wa mvua nyingi na radi. Kifaa kisicho na waya wa kuishusha radi ardhini kinaweza kuungua kwa alasiri moja. Bajeti ya kila kituo iwe na waya huo, iwe na kikinga umeme, na iwe na fungu la betri mpya, kwa sababu betri huchoka baada ya miaka michache hata ikitunzwa. Vituo vingi vya kompyuta vijijini vimekufa kwa kukosa betri ya pili, na kila kilipokufa watu walisema teknolojia haifai kijijini, ilhali kilichokosekana kilikuwa mstari mmoja katika bajeti.

Watu wanaoshika mkono

Mwaka 1973 Tanzania iliendesha kampeni ya redio iliyoitwa Mtu ni Afya, iliyowafikia watu wazima wapatao milioni mbili katika vikundi vya kusikiliza. Chombo kilikuwa kimoja, redio, lakini mafanikio hayakutokana na redio peke yake. Kila kikundi kilikuwa na kiongozi aliyepewa mafunzo, kulikuwa na vijitabu vya Kiswahili chepesi, na baada ya kusikiliza watu walijadiliana kisha wakaamua la kufanya nyumbani mwao, kama kuchimba choo au kufyeka nyasi. Kampeni hiyo ni sehemu ya urithi wa elimu nchini, na kiongozi wa chuo anayepanga mageuzi ya kidijitali leo akiacha kuisoma atarudia makosa ambayo wazee walikwisha kuyaepuka.

Kwa Bukoba na Muleba, mafunzo ya urithi huo yanaelekeza kwenye mshauri wa masomo wa kituo, mtu anayelipwa na chuo, anayeishi karibu na wanafunzi, anayejua kuwasha seva, kupokea simu, kutambua aliyeanza kukata tamaa na kumtafuta. Walimu wastaafu wamejaa katika wilaya hizi mbili, wengi wao wakiwa na nguvu na heshima mbele ya vijana, na wapewe mafunzo mafupi ya vifaa badala ya kuletewa kijana wa vifaa asiyejua kufundisha. Mwanafunzi anayesomea nyumbani huacha masomo kimyakimya, akikosa kuwasilisha kazi moja, kisha ya pili. Mshauri aliyepewa orodha ya waliokosa kazi ya kwanza, na muda wa maongezi kwenye simu, anaweza kuwarudisha wengi kabla ya kazi ya pili. Lugha nayo ipewe nafasi. Vitabu vya chuo kikuu vimeandikwa kwa Kiingereza, lakini hakuna sheria inayomkataza mshauri kuieleza dhana ngumu kwa Kiswahili, wala inayokizuia chuo kutoa faharasa ya istilahi kwa kila kozi, kazi ambayo wataalamu wa Taasisi ya Taaluma za Kiswahili ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam wanaweza kuombwa waisaidie.

Upande wa wahadhiri, kizuizi kikubwa kiko katika vigezo vya kupanda cheo. Mhadhiri hupimwa zaidi kwa machapisho yake, kwa hiyo yule anayetumia miezi minne kuandika kozi nzuri ya masafa amejichelewesha mwenyewe. Kumhimiza kwa semina na vyeti vya ushiriki hakutoshi. Kiongozi apeleke hoja kwenye vyombo vinavyohusika kwamba kozi ya kidijitali iliyopitiwa na wataalamu wawili wa nje ihesabiwe kama andiko la kitaaluma, na wakati hoja hiyo ikisafiri, jambo ambalo litachukua muda, ampunguzie mwandishi wa kozi saa za kufundisha kwa muhula mmoja. Hilo la pili liko ndani ya uwezo wake tangu leo.

Mtihani wakati wa akili mnemba

Akili mnemba ni jina la programu za kompyuta zinazoweza kuandika, kujibu maswali na kuchora kwa kufuata ruwaza zilizojifunza kutoka katika maandishi mengi mno. Ujio wake umeyafanya maswali mengi ya vyuo kuwa bure. Swali linalosema mwanafunzi ataje sababu na dalili za mnyauko bakteria wa migomba hujibiwa na programu kwa sekunde chache, kwa lugha nzuri kuliko ya mwanafunzi mwenyewe, na kiongozi anayejibu hali hiyo kwa kununua programu nyingine ya kuwakamata wadanganyifu ameingia mbio zisizo na mwisho, ambamo wasio na hatia pia hutuhumiwa.

Njia iliyo bora ni kulibadilisha swali liingie shambani. Mnyauko bakteria ulithibitishwa Kagera mwaka 2006, ukawatia hasara wenye vibanja, yaani mashamba ya nyumbani yenye migomba na mibuni pamoja. Na kituo cha utafiti wa kilimo cha TARI Maruku, kilichoko Wilaya ya Bukoba, ndicho chenye dhamana ya utafiti wa ndizi nchini. Mwanafunzi wa kilimo aagizwe apime eneo la hatua ishirini kwa ishirini katika kibanja cha kwao au cha jirani aliyemruhusu, ahesabu mashina yote, aandike ni mangapi ya ndizi aina ya nshakara na ni mangapi ya aina nyingine, apige picha ya shina lenye majani yaliyonyauka na kugeuka njano, na ya ndizi iliyoiva kabla ya wakati ambayo nyama yake ndani imekuwa kahawia. Amuulize mwenye kibanja kama ua dume huondolewa kwa kijiti chenye panda au kwa panga, na kama panga hupitishwa motoni kabla ya kuhamia shina lingine, kwa kuwa panga chafu hubeba ugonjwa. Kisha aandike, kwa msaada wa kitabu chochote na programu yoyote anayoitaka, ni ushauri gani angempa mwenye kibanja huyo, si mkulima wa jumla. Akili mnemba inaweza kumsaidia kupanga sentensi. Haiwezi kuhesabu mashina ya bibi yake.

Baada ya hapo mhadhiri ampigie simu kwa dakika kumi na kumuuliza alichokiona. Hapa uongozi unarudi tena, kwa sababu wanafunzi 120 kwa dakika kumi kila mmoja ni saa 20 za maongezi, na mhadhiri asiyepewa wasaidizi wala muda atarudi kwenye maswali ya kutaja na kueleza, tena asilaumiwe. Kiongozi anayetaka mitihani yenye ukweli azigharimie saa hizo 20. Mtihani wa mwisho unaosimamiwa ana kwa ana unaweza kubaki, ila ufanyike pia Muleba na visiwani, wasimamizi wakiwa ndio wanaosafiri.

Kumbukumbu na siri za watu

Tarehe 10 Septemba 2016 tetemeko la ardhi lenye ukubwa wa 5.9 liliipiga Kagera, likaua watu na kubomoa majengo, zikiwemo shule kongwe za Ihungo na Nyakato. Chuo chochote mkoani kinachotunza matokeo katika jengo moja, yawe kwenye karatasi au kwenye kompyuta moja, hakijajifunza kutokana na siku ile. Nakala za akiba zihifadhiwe nje ya mkoa, na mara mbili kwa mwaka ijaribiwe kama zinaweza kurejeshwa kweli, maana nakala ambayo haijawahi kufunguliwa ni matumaini tu. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika mwaka 2023, inakitaka chuo kikusanye taarifa za mtu kwa sababu inayojulikana na kuzilinda. Kubandika matokeo yenye majina katika kundi la WhatsApp kusimamishwe mara moja, hata kama wanafunzi wenyewe wamekuzoea.

Fedha, hapana, na kalenda

Miradi hutoa fedha za kujenga na kununua, lakini chuo huishi kwa fedha za kuendesha: umeme, bando la wafanyakazi, mshahara wa fundi, betri. Kiongozi asipokee kifaa chochote, hata cha bure, kabla hajaandika nani atakilipia katika mwaka wa tatu, na kama hakuna jibu, akatae kwa adabu na kwa maandishi. Kukataa msaada ni jambo zito katika mazingira ya uhaba, na wapo watakaomwona mkuu wa kituo kuwa mtu wa ajabu. Lakini chumba kilichojaa kompyuta zisizowaka huwafundisha wanafunzi kila siku kwamba ahadi za chuo hazina uzito.

Mwisho kuna kalenda, ambayo haigharimu chochote na ambayo viongozi wachache huigusa. Kahawa ya Kagera huvunwa katikati ya mwaka, na fedha zake ndizo karo ya nyumba nyingi za Bukoba na Muleba, ilhali vyuo vingi hudai malipo makubwa Oktoba na kumfungia mfumo mwanafunzi anayechelewa katika miezi ambayo kwao hakuna kahawa; awamu za malipo zinaweza kupangwa upya ili sehemu kubwa iangukie baada ya mauzo, na katikati ya hapo mfumo uendelee kumfungulia masomo. Visiwani, wavuvi wa dagaa huvua kwa taa usiku wa giza na kupumzika mbalamwezi inapokuwa kubwa, kwa hiyo mwanafunzi anayejilipia masomo kwa kazi ya dagaa ana siku chache kila mwezi ambazo usiku wake ni wake. Tarehe za kuwasilisha kazi kwa wanafunzi wa Bumbire, Ikuza na Goziba ziwekwe katika siku hizo. Mratibu wa masomo anahitaji tu kalenda yenye alama za mwezi, inayouzwa madukani Bukoba, na idhini ya mkuu wake ya kuifungua mezani wakati ratiba ya muhula inapoandikwa.